Uliza Fundi wa Seva: Mashine Yako Inakufa Lini?

Barua za mwezi huu ni sita. Nimezijibu nikiwa barazani, nyumbani Makorora, Tanga, umeme umekatika tangu asubuhi na laptopu imebakiwa na asilimia 40. Aliyejibiwa kwa ufupi asininunie.

*Shikamoo fundi. Tuko vijana watatu, tuna ofisi ndogo Chumbageni, tunatengeneza programu. Tumerithi mteja, SACCOS moja ya Muheza. Mfumo wao wa mikopo uliandikwa mwaka 2015 na mtu ambaye sasa simu yake haipatikani. Upo kwenye seva ya CentOS 7. Juzi tulitaka kusakinisha kitu kidogo tu, yum ikagoma, ikadai haiipati mirrorlist. Mtandao uko sawa. Mwenyekiti wao naye anasema mfumo unafanya kazi, usiguswe. Tufanyeje?*
*— Binti wa Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Mtandao wenu mzima, na yum, ile zana ya kusakinisha programu, haina kosa. Mnabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. CentOS 7, mfumo endeshi wa seva yenu, ilitoka Julai 2014 na siku yake ya mwisho ilikuwa 30 Juni 2024. Baada ya hapo ile anwani ya mirrorlist, yenye orodha ya maghala ya vifurushi, ikazimwa, vifurushi vikapelekwa kwenye ghala la kumbukumbu, vault.centos.org. Mkiyaelekeza mafaili ya yum huko mtasakinisha mnachotaka, ila kilichomo ni kilekile cha siku ya mwisho. Kiraka kipya, yaani marekebisho ya kuziba makosa, hakiingii tena humo.

Neno kiraka nimerithi kwa baba. Alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, na mji huu unavyojua baiskeli sina haja ya kueleza. Mtu akileta tyubu yenye viraka kumi na moja, baba alimtia cha kumi na mbili, lakini kwanza alimwambia kama saizi ile bado inaletwa mjini au la. Alikuwa na daftari la kaunta lenye jalada jekundu: baiskeli ya nani, ilitiwa grisi lini, kipuri gani kimeadimika. Mimi nina daftari kama lile kwa seva. Kila mashine ina mstari wake: ipo wapi, nani anailipia, toleo gani, nywila iko kwa nani. Safu ya mwisho nimeiandika "inakufa lini". Kuna mteja aliniomba nibadilishe neno hilo. Sikubadilisha.

Huyo mwenyekiti msimbishie, asemayo ni kweli: mfumo unafanya kazi. Mpeni kisa hiki. Tarehe 1 Julai 2024, siku moja tu baada ya CentOS 7 kufika mwisho, watafiti wa Qualys walitangaza shimo kwenye OpenSSH, yaani mlango ambao mafundi wote tunaingilia seva zetu. Mashine yenu ya Muheza haikuguswa, kwa sababu OpenSSH yake ni 7.4 na kosa lile limeanzia 8.5. Uzee umeiokoa. Nimewahi kumsikia mtu akilisimulia hilo kama sifa ya kubaki na vya zamani. Sasa shimo lijalo likiwa kwenye sehemu kongwe, wenzenu watapata kiraka usiku huohuo, nyinyi mtabaki na dua.

Pa kwenda? CentOS 8 msiifikirie. Hiyo ilikufa kabla ya kaka yake, 31 Desemba 2021, ingawa watu walikuwa wameahidiwa hadi 2029. Red Hat, wenye CentOS, walitangaza uamuzi huo Desemba 2020, na hasira zilizofuata ndizo zilizozaa AlmaLinux na Rocky Linux, mifumo ya kuirithi CentOS, mwaka 2021. Rocky ilianzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS yenyewe, akaipa jina la mwenzake wa zamani, marehemu Rocky McGaugh. Toleo la 9 la zote mbili lina uhai hadi 2032. Mimi natumia AlmaLinux, na sababu yangu si ya kitaalamu: ndiyo niliyoijaribu kwanza, haikunisumbua, nikazoea. Anayeijua Ubuntu, Linux nyingine, abaki na Ubuntu, 24.04 ina viraka vya kawaida hadi 2029.

Mtaambiwa kuna zana inaitwa ELevate, inaipandisha mashine palepale ilipo kutoka 7 hadi 8, kisha 9. Ipo, na nimeitumia mara mbili kwenye seva za kuhifadhia mafaili. Kwa pesa za watu singeithubutu. Na kwa kweli tatizo lenu si mfumo endeshi, ni kilichokaa juu yake. CentOS 7 ilikuja na lugha ya PHP 5.4 na hifadhidata ya MariaDB 5.5. Mtu wa 2015 huenda ameandika mysql_connect, amri ya zamani ya kuunganisha hifadhidata, kila ukurasa, na amri zile za mysql_ zote ziliondolewa kwenye PHP 7.0 iliyotoka Desemba mwaka huohuo. Leo hii, kabla ya chai ya jioni, tafuteni neno hilo kwa grep, zana ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, mhesabu. Zikitoka 20, ni kazi ya wiki. Zikitoka 400, kaeni na mwenyekiti mpatane bei upya kabla hamjagusa kitu, si baada.

Halafu fanyeni jaribio jingine. Fungueni fomu ya mkopo, kwenye sababu ya mkopo andikeni: ng'ombe wa maziwa. Mfumo ukitapika kosa la hifadhidata, basi ile alama ndogo ya ng' imevunja sentensi ya SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, na mahali inapopita ng' ya ng'ombe hupita mwizi vilevile. Muheza na Tanga hii, ninavyowajua watu kwa ng'ombe, nashangaa kama hakuna karani aliyeshalalamika. Pengine walifundishwa kuandika "ngombe" wakanyamaza.

Kazi yenyewe ifanyeni pembeni. Simamisheni seva mpya, chukueni nakala ya hifadhidata, ipandisheni huko. Mkichagua hifadhidata ya MySQL chukueni 8.4, na jiandaeni: kwa mpangilio wake wa kawaida haikubali tarehe ya 0000-00-00, na mifumo ya zamani imejaa tarehe hizo kila mahali karani aliporuka kisanduku. Msizijaze tarehe za kubuni. Ziacheni tupu, mpeleke orodha kwa mhasibu. Kisha fungeni hesabu za mwezi mmoja kwenye mashine zote mbili, mlinganishe hadi shilingi. Tofauti ikiwa ya shilingi 50, msihame. Itafuteni hiyo 50, maana ndiyo inayojua kosa lilipo.

Siku ya kuhama iwe Jumamosi jioni. Siku moja kabla, punguzeni muda wa rekodi ya DNS, ile inayoelekeza jina la mfumo kwenye seva, uwe sekunde 300, ili mkikwama mrudi nyuma haraka. Seva ya zamani msiifute. Ichomoeni mtandaoni, ikae mwezi.

*Kaka fundi, cheti cha usalama cha tovuti za wateja wangu kinaniumiza kichwa, kila miezi mitatu. Nataka ninunue cha mwaka mzima niwe na amani. Unaonaje?*
*— Msomaji, Mwanzange*

Amani hiyo haiuzwi tena. Kampuni za vivinjari na watoa vyeti walipiga kura Aprili 2025, wakapanga kuufupisha umri wa vyeti vyote, vya kununua na vya bure. Ulikuwa siku 398. Kuanzia 15 Machi 2026 mwisho ni siku 200, kuanzia 15 Machi 2027 ni siku 100, na kuanzia 15 Machi 2029 ni siku 47. Ukikizoea cha kununua na kubadilisha kwa mkono, mwaka 2029 utakuwa huna kazi nyingine. Baki na cheti cha bure cha Let's Encrypt cha siku 90, uiache mashine ijibadilishie yenyewe.

Nami nikwambie nilivyoaibika, usije ukadhani nakuhubiria kutoka mimbarini. Let's Encrypt walikuwa wanatuma barua pepe cheti kikikaribia kwisha. Walitangaza kwamba wataacha, na wakaacha, 4 Juni 2025. Habari ile niliisoma nikaipita, nikijiambia certbot, programu inayobadilisha vyeti, inajifanyia kazi. Nilichosahau ni kwamba miezi michache nyuma, katika kufungafunga milango ya seva moja, nilifunga na mlango wa 80. Kwa njia niliyokuwa naitumia, Let's Encrypt hupita mlango huohuo kuhakiki kwamba tovuti ni yangu. Certbot ikawa inajaribu, inashindwa, inaandika kwenye logi ambayo sikuisoma, na barua ya kunizindua haiji. Siku cheti kilipokwisha nilikuwa Deep Sea, nimeshika nguru mkononi, nabishana bei. Simu ikalia: "Fundi, mfumo unawaambia wazazi si salama, na leo ndiyo siku ya kulipa ada." Nguru nilimwacha.

Nilizoea kuuchukulia ukimya kama salama. Wakubwa pia hupatwa. GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, 31 Januari 2017, mhandisi wao alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walipokimbilia nakala, wakakuta hazipo: zana ya kuzitoa ilikuwa ya hifadhidata ya PostgreSQL 9.2, yao ni 9.6, hivyo kila siku ilikuwa inagoma. Barua za kueleza kwamba inagoma nazo zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua, hazimfikii mtu. Waliokolewa na nakala ya muda ya saa 6 nyuma ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine kabisa. Sifa moja niwape: waliyaeleza yote hadharani, ndiyo maana mimi na wewe tunayajua.

Tangu kisa cha nguru nimegeuza mambo. Nina programu ndogo, mistari isiyozidi 30, inakaa kwenye mashine tofauti. Kila alfajiri inavitazama vyeti vyote na umri wa nakala ya mwisho ya kila hifadhidata, kisha inanitumia SMS hata kama hakuna tatizo: "Zote 14 hai." Ikifika saa 1 asubuhi SMS haijaingia, naamka hivyohivyo. Kwako anza na certbot renew --dry-run, jaribio lisilobadilisha kitu, leo kwenye kila seva, uone ipi inadanganya.

*Mdogo wangu hujambo. Naendesha ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mei 2024 intaneti ilipolala tulikaa bila kazi, mfumo wetu uko Ulaya. Mkurugenzi ameamua tununue seva tuiweke ofisini. Kijana wetu wa IT anasema tuhamie Afrika Kusini. Nimsikilize nani?*
*— Dada wa bandarini*

Sijambo, shikamoo dada yangu. Siku ile, 12 Mei 2024, seva yenu ya Ulaya ilikuwa hai, inapumua. Kilichokatika ni njia: kebo za EASSy na Seacom, zote mbili kwa wakati mmoja, chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa hiyo kijana wako ana hoja nusu. Ni kweli huko kusini siku hizi kuna seva za kukodi: Microsoft walifungua Machi 2019, Amazon wakafungua Cape Town Aprili 2020, Google wakaja Johannesburg Januari 2024. Ila upande uliokatika ndio upande wa kuelekea kulekule. Kuhamia kusini kusingekuokoa siku hiyo.

Seva ya ofisini nayo ina yake. Umeme, joto la Tanga la mwezi wa pili, chumvi ya bahari inayokula hata kufuli, na yule mfagizi anayechomoa waya apate pa kuchomeka feni. Simcheki, mashine yangu ya kwanza ilizimwa na feni.

Ningekuwa mimi, mfumo ungebaki nje, na ofisini ningeweka kompyuta moja ndogo yenye UPS, inayohifadhi mafaili ya mizigo ya wiki hizi na kuwawezesha makarani kuandika na kuchapa mtandao ukilala. Mtandao ukirudi inapeleka yaliyoandikwa. Ni kazi ya kutengenezewa, hainunuliwi dukani, na kijana wako akiiweza muongeze mshahara. Ongezeni na laini ya pili ya intaneti, ya kampuni nyingine, tena waulizeni inapita kebo gani. Laini mbili za kebo moja ni laini moja yenye bili mbili.

Kosa moja msilifanye: msigawanye, programu ofisini na hifadhidata Ulaya. Mwanga ndani ya nyuzi huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 10,000 za kebo ni milisekunde 100 kwenda na kurudi, hata mtandao uwe mzuri vipi. Ukurasa unaoiuliza hifadhidata mara 60, moja baada ya nyingine, utamweka karani sekunde 6 akitazama dirishani. Hivyo viwili vilale kitanda kimoja.

Na mkumbushe mkurugenzi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023. Taarifa za watu zikisafirishwa nje ya nchi zina masharti. Seva ya Ulaya na ya Cape Town kwa hilo ni sawasawa, zote ni nje.

*Mambo fundi. Nimesukuma faili la .env GitHub kwa bahati mbaya, lina nywila ya hifadhidata ya mteja. Nimelifuta baada ya dakika kumi. Niko salama?*
*— Pangani*

Hapana. Ulichofuta ni faili la leo. Historia ya Git, inayotunza kila badiliko, bado inalikumbuka, na kama ghala lako ni la wazi kuna roboti zinazopita humo usiku na mchana. Badilisha nywila sasa hivi, kabla ya kusoma jibu la chini. Kusafisha historia kunaweza kungoja kesho, nywila haiwezi. Kisha weka .env kwenye .gitignore, orodha ya mafaili yasiyosukumwa, na mwambie mteja. Ndiyo, mwambie.

*Shikamoo mzee. Namaliza chuo, nasikia soko ni Kubernetes. Pia nasikia Redis imeacha kuwa huria, watu wanahamia Valkey. Nijifunze kipi niache kipi?*
*— Kijana wa Duga*

Marahaba. Mzee ni baba yako.

Kubernetes, zana ya kusimamia kontena nyingi kwenye seva nyingi, ijue, usiioe. Inatoa matoleo matatu kwa mwaka na kila toleo linahudumiwa miezi kama 14. Kwenye daftari langu huo ni mstari unaofutwa na kuandikwa upya kila mwaka, kwa kila mteja. Kampuni yenye watu wa kukaa nayo itafaidi. Kampuni ya watu wawili Ngamiani yenye wateja tisa itaishia kuihudumia Kubernetes badala ya wateja. Anza na Linux yenyewe, kisha kontena moja la Docker, yaani programu iliyofungashwa pamoja na inavyohitaji, unaloweza kulieleza kwa bibi yako, kisha uchukue nakala ya PostgreSQL na kuirudisha. Kuirudisha, narudia. Waombaji kazi waliokuja kwangu wote walijua kuchukua nakala, na wawili tu ndio waliowahi kuirudisha.

Hilo la Redis, hifadhidata ya haraka inayokaa kwenye kumbukumbu ya mashine, lilikuwa kweli kwa muda. Machi 2024 walibadilisha leseni ili kampuni kubwa za wingu zisiuze huduma yao bila kupatana nao, na mwezi huohuo Valkey ikazaliwa chini ya Linux Foundation kutokana na Redis 7.2.4. Mei 2025, Redis 8 ikarudi na leseni ya AGPL, ambayo ni huria. Wewe unayehifadhi vikao vya kuingia vya watumiaji 300 leseni ile haikukugusa hata mara moja. Ilikugusa kwa njia nyingine: mifumo mingi ya Linux ilihamia Valkey, kwa hiyo siku moja utasakinisha mashine mpya na Redis haitakuwemo. Amri ni zilezile, utazoea kabla kahawa haijapoa. Kashata ukinunua, nibakizie.

*Fundi, printa yangu ya Epson inachapa mistari myeupe. Nifanyeje?*
*— Raskazone*

Ndugu, hii ni mara ya tatu. Barabara ya 8, mkabala na muuza mikeka, kuna kijana anasafisha vichwa vya printa. Nenda baada ya adhuhuri, asubuhi huwa hajafungua. Chukua wino wako.